Kung'oa Linux kwenye kompyuta kuukuu bila kuua Windows wala mafaili

Leo tuweke siasa pembeni kidogo. Kuna swali naulizwa kila mara, na wanaouliza wengi ni vijana wa kafe: "Kaka, nimenunua kompyuta ya mtumba, kila nikiwasha inaniletea menyu nyeusi inauliza Ubuntu au Windows. Hiyo Ubuntu siitaki, naitoaje?" Wengine wamejiwekea wenyewe enzi zile CD za Ubuntu zilipokuwa zinatumwa bure kwa posta (huduma ile ilifungwa mwaka 2011), wakachezea wiki mbili, wakarudi Windows. Menyu ikabaki. Na nafasi kwenye diski ikabaki imekaliwa.

Ukimpelekea fundi wa mtaani, wengi jibu lao ni moja tu: "Hii tunaipiga Windows upya." Maana yake anafuta kila kitu, anaweka Windows ya kuchoma, anachukua hela yake, wewe unarudi nyumbani na mashine tupu. Picha hakuna, kazi za chuo hakuna, programu ya printa hakuna. Jamani, hakuna sababu ya kufuta kila kitu. Linux inatoka peke yake na Windows inabaki ilivyo, ila lazima ufuate mpangilio. Mpangilio ndio kila kitu hapa.

Ushauri wa kwanza kabla hatujaendelea: kama unasoma hii kafe, iprinti uondoke nayo. Ukifika nyumbani mashine ikagoma kuwaka, hutaweza kuifungua hii kuisoma. Na tafadhali, haya mambo yafanyie mashine yako. Usije ukaanza kuchezea mashine ya kafe ya watu halafu ukasema umesoma kwangu.

KWANZA UELEWE KILICHOMO NDANI YA DISKI

Diski ni moja, lakini imegawanywa vipande. Kila kipande ndio tunakiita patisheni. Ifikirie kama nyumba ya kupanga: nyumba moja, vyumba kadhaa, kila mpangaji na mlango wake. Windows kapanga chumba kimoja, Linux kapanga viwili au vitatu.

Mlangoni kabisa, yaani mwanzo kabisa wa diski, kuna sehemu ndogo sana yenye baiti 512 tu. Inaitwa MBR. Ndani ya hizo baiti 512, 446 za kwanza ni za programu ndogo ya kuwashia kompyuta, 64 zinazofuata ni orodha ya patisheni, na 2 za mwisho ni alama ya kuonyesha kwamba MBR ni halali. Hizo 64 zinatosha kuandika patisheni nne tu, kila moja baiti 16. Ndio maana mashine za zamani haziruhusu zaidi ya patisheni kuu nne. Ukitaka zaidi, moja kati ya hizo nne inageuzwa kuwa kama boksi kubwa, na ndani yake unaweka vipande vidogo vidogo. Linux inapenda sana kukaa ndani ya boksi hilo. Ukiona majina kama sda5 na sda6, ujue wako ndani ya boksi.

Sasa sikiliza hapa vizuri maana ndipo watu wengi wanapoumia. Ulipoweka Linux, programu ya kuwashia ya Windows ilitolewa kwenye zile baiti 446, ikawekwa ya Linux inayoitwa GRUB. Lakini GRUB ni kubwa, haienei kwenye baiti 446. Kwa hiyo pale mlangoni kinakaa kipande chake kidogo tu, na sehemu kubwa pamoja na ile menyu inakaa kwenye patisheni ya Linux.

Umeshaona tatizo? Mtu anaingia Windows, anaona patisheni za Linux, anazifuta kwa raha zake, anazima. Kesho yake anawasha: kile kipande kidogo cha GRUB kinaamka, kinatafuta wenzake kwenye patisheni ya Linux, hakikuti mtu. Skrini nyeusi, na maandishi "GRUB Error 17" au "Error 22" au "grub rescue>". Windows iko palepale, mzima wa afya, faili hata moja halijaguswa. Ila hakuna wa kuiamsha. Mwenye mashine anadhani ameua kila kitu, anakimbilia kwa fundi, fundi anafomati. Kha! Hapo ndipo mafaili yanapokufa kweli, na aliyeyaua ni ile fomati.

Kwa hiyo kanuni ni hii: rudisha kwanza programu ya kuwashia ya Windows, hakikisha mashine inawaka moja kwa moja bila menyu, HALAFU ndio ufute Linux. Usigeuze.

LAKINI JE, NI KWELI UNATAKA KUITOA?

Hapa nitatoa maoni yangu, ukikasirika andika kwenye maoni. Windows XP iliachwa na Microsoft tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 ikafuata tarehe 14 Januari 2020. Hazitengenezewi tena viraka vya usalama. Kama mashine yako ya XP unaitumia kuingia intaneti, kufungua barua pepe na kupokea fleshi za watu, mimi ningesema wa kuhama ni Windows, siyo Linux. Na wale wanaosema Linux ni ya wazungu tu, wakumbuke kwamba mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Tumekuwemo siku nyingi.

Ila naelewa. Kuna watu wana mashine ya kazi yenye programu inayokubali XP tu. Mfano halisi: dada mmoja mtaani kwetu ana duka la stationery. Mashine yake ni Pentium 4, diski ya GB 80, skana yake ya zamani inafanya kazi kwenye XP tu. Ilikuwa ya mdogo wake, naye aliweka Ubuntu nusu nzima ya diski. Menyu ilikuwa imepangwa kuanza na Ubuntu, kwa hiyo umeme ukikatika na kurudi, mashine inawaka na Ubuntu, mteja anasubiri, dada haelewi chochote. Fundi alimwambia ni kupiga upya. Kwenye upande wa Linux kulikuwa na karatasi za mirathi ya baba yao zilizoskaniwa, na nakala halisi za baadhi yake hazionekani tena. Yaani angekubali ile fomati, familia nzima ingekuwa inapelekana mahakamani bila karatasi. Mashine ile haiko kwenye intaneti kabisa, ni ya kuskani na kuprinti. Hapo kutoa Linux ni sawa, na kazi yote ilichukua alasiri moja, nusu yake tukisubiri kunakili mafaili.

ANGALIA KAMA IMO KWENYE PATISHENI KWELI

Kabla hujafanya lolote, nenda Control Panel, sehemu ya kuondoa programu. Kama unaiona Ubuntu kwenye orodha, basi una bahati. Kuanzia Ubuntu 8.04 ya mwaka 2008 kulikuwa na njia inaitwa Wubi, ambayo Linux nzima inakaa kama faili kubwa ndani ya folda C:\ubuntu. Hakuna patisheni iliyokatwa. Nakili mafaili yako kwanza, halafu iondoe kama programu nyingine yoyote, kazi imeisha.

Kama haimo kwenye orodha, bonyeza Start, Run, andika diskmgmt.msc. Utaletewa picha ya diski yako ikiwa imekatwa vipande. Kipande cha Windows kitakuwa na herufi C: na neno NTFS au FAT32. Vipande vya Linux havina herufi wala jina la mfumo, vimeandikwa ukubwa tu na "Unknown Partition". Windows haiwezi kusoma humo.

Tahadhari: si kila kisicho na herufi ni Linux! Kompyuta nyingi za kampuni kubwa zinakuja na kipande kidogo cha mtengenezaji cha kurejesha Windows au kupima mashine. Ukikifuta umejitia hasara. Namna ya kuwa na uhakika ni kuwasha Linux yenyewe, kufungua dirisha la amri na kuandika:

sudo fdisk -l

Utaona orodha na namba ya aina ya kila patisheni. 83 ni Linux. 82 ni swap, ile sehemu Linux inayotumia RAM ikijaa. 7 mara nyingi ni NTFS ya Windows. b au c ni FAT32. 5 au f ni lile boksi. Ukiona 12, 27 au de, mara nyingi ni vya mtengenezaji au vya kurejesha Windows, usiguse. Chukua kalamu, andika kwenye karatasi: namba, aina, ukubwa. Usiniambie utakumbuka kichwani.

TOA MAFAILI YAKO

XP haisomi patisheni za Linux, kwa hiyo mafaili yatoe ukiwa ndani ya Linux. Yako kwenye folda ya /home, ndani yake kuna folda yenye jina la mtumiaji. Fungua, chagua kinachokuhusu, nakili kwenye fleshi au upeleke kwenye patisheni ya Windows. Angalia na folda za watumiaji wengine, siyo yako tu. Kwenye mashine ya yule dada, karatasi za mirathi hazikuwa kwenye folda ya mdogo wake, zilikuwa kwa mtumiaji mwingine ambaye hakuna aliyekumbuka kwamba yupo.

Mawili ya kukumbuka. Fleshi iliyofomatiwa FAT32 haipokei faili moja lenye zaidi ya GB 4, hata kama fleshi yenyewe ni kubwa. Na usichomoe fleshi kabla hujaiambia Linux iiachie, kwa sababu Linux inaweza kukuonyesha imemaliza kunakili kumbe bado inaandika. Halafu fleshi ichomeke kwenye mashine nyingine, fungua mafaili matatu manne uone yanafunguka. Kama huwezi kufungua, hujanakili.

Linux ikiwa haiwaki, tumia CD yoyote ya Linux inayowaka yenyewe bila kuwekwa kwenye diski. Kwa Pentium 4 tafuta ya 32-bit, maana nyingi hazikubali 64-bit. Ubuntu yenyewe iliacha kutoa CD za 32-bit za kompyuta za kawaida mwaka 2017 kuanzia toleo la 17.10, kwa hiyo utahitaji ya kabla ya hapo. Na mashine nyingi za umri huo haziwaki kwa fleshi, ni CD tu. Kama una CD iliyotumika kuiweka Linux hiyo hiyo, itumie.

RUDISHA MLANGO WA WINDOWS

Kwa XP: weka CD ya XP, washa mashine kwa CD. Ikikukaribisha, usibonyeze Enter! Bonyeza R, inakupeleka Recovery Console. Itakuuliza unataka kuingia Windows ipi, andika 1 kama ni moja tu. Itaomba neno la siri la Administrator, wengi halipo, bonyeza Enter. Halafu andika:

fixmbr

Itakutisha kidogo, itasema MBR yako si ya kawaida na kwamba unaweza kupoteza patisheni. Usiogope, inasema hivyo kwa sababu imekuta GRUB. Inachobadilisha ni ile programu ya baiti 446, orodha ya patisheni haiigusi. Andika y, kisha exit, toa CD, acha iwake.

Kama CD ya XP inakuambia haioni diski yoyote, na diski ni ya SATA, ingia BIOS, ibadilishe kutoka AHCI kwenda IDE, fanya kazi yako, halafu uirudishe ilivyokuwa kabla ya kuwasha Windows. Usipoirudisha Windows inaweza kukuletea skrini ya bluu.

Vista na Windows 7: washa kwa DVD yake, chagua Repair your computer, kisha Command Prompt, andika bootrec /fixmbr. Kwa wazee wenzangu wenye Windows 98 (najua mpo), washa kwa flopi ya kuwashia, andika fdisk /mbr.

Huna CD ya Windows? Hilo ni la kawaida kwa mtumba. Ingia Linux, weka kifurushi cha syslinux, ambacho kina programu ndogo ya kuwashia inayofanya kazi kama ile ya Windows. Kwanza piga kopi ya MBR iliyopo uihifadhi kwenye fleshi. Amri hii, bila kutaja mahali, inaiweka kwenye folda uliyomo, kwa hiyo ihamishe baadaye:

sudo dd if=/dev/sda of=mbr-ya-zamani.bin bs=512 count=1

Halafu ndio uweke mpya:

sudo dd if=/usr/lib/syslinux/mbr.bin of=/dev/sda bs=440 count=1

Kwenye matoleo ya karibuni faili hilo limehamia /usr/lib/syslinux/mbr/mbr.bin. Soma hiyo namba 440 mara mbili. Inahakikisha amri ya pili haivuki ile programu na kugusa orodha ya patisheni; orodha hiyo ikifutika, hapo ndipo utanielewa niliposema uandike kwenye karatasi. Hakikisha pia kwamba sda ndiyo diski yako kweli, siyo fleshi. Linganisha ukubwa kwenye ile orodha ya fdisk. Diski ya GB 80 na fleshi ya GB 8 hazifanani.

Kuna mtego mmoja unaowapata hata mafundi. Programu ya Windows ya kuwashia haitafuti Windows kwa akili, inaangalia patisheni ipi imewekewa alama ya "active" na inaruka kwenda hapo. GRUB yenyewe haijali alama hiyo. Kwa hiyo inawezekana Linux ilipowekwa ilihamishia alama kwake, na hukujua kwa sababu GRUB ilikuwa inafanya kazi. Ukishapiga fixmbr mashine inawaka inakuambia "Missing operating system". Hakuna kilichoharibika. Rudi kwenye CD ya Linux, fungua GParted, bonyeza patisheni ya Windows kwa kitufe cha kulia, chagua Manage Flags, weka tiki kwenye boot, toa tiki kwenye ile ya Linux. Alama iwe moja tu, zikiwa mbili itakuambia orodha ya patisheni si halali.

Sasa washa. Inaingia Windows moja kwa moja bila menyu? Zima, washa tena. Mara mbili. Ikiwaka mara mbili, tuendelee. Isipowaka usifute chochote, Linux bado ipo na kila kitu kinarekebishika.

SASA FUTA

Sehemu hii ndiyo rahisi kuliko zote. Rudi diskmgmt.msc, bonyeza kwa kitufe cha kulia kipande cha Linux, chagua Delete Partition (au Delete Logical Drive kama kimo ndani ya boksi). Linganisha ukubwa na karatasi yako kabla ya kukubali. Rudia kwa swap.

Kwenye XP rangi zinasaidia: boksi lina mpaka wa kijani, nafasi iliyo huru ndani ya boksi ni kijani kibichi, na nafasi isiyo ya mtu kabisa ni nyeusi. Ukishafuta vya Linux na boksi limebaki tupu, lifute nalo. Lakini kama ndani yake kuna D: yako yenye muziki na kazi zako, liache! Kufuta boksi ni kufuta kila kilichomo.

Wa Windows 98 msitumie ile fdisk ya DOS kwa kazi hii. Vipande vya Linux vilivyo ndani ya boksi haviwezi kufutwa nayo, utazunguka hapo mpaka usiku. Tumia fdisk ya Linux au GParted kutoka kwenye CD. Na ukitumia CD ya Ubuntu, GParted inaweza kukataa kufuta boksi, ikionyesha alama ya ufunguo. Ni kwa sababu CD imeanza kuitumia swap yako yenyewe bila kukuuliza. Bonyeza swap kwa kitufe cha kulia, chagua Swapoff, itakubali.

NAFASI ILIYOPATIKANA

Hapa matarajio ya watu yanavunjika. Umefuta, sasa unataka C: inenepe ichukue nafasi yote. XP haikubali kunenepesha patisheni ambayo yenyewe imekaa. Vista na Windows 7 zinakubali, kwa Extend Volume, lakini nafasi lazima iwe upande wa kulia wa C:, imeshikana nayo. Kama Linux ilikuwa upande wa kushoto, basi ni kusogeza Windows nzima, kitu ambacho GParted inaweza lakini kinachukua masaa, na umeme ukikatika katikati ya kusogeza unaweza kupoteza vyote. Kwa umeme wetu huu, bila UPS siwezi kukushauri hata kidogo.

Mimi ningetengeneza D: mpya tu, nikaifomati NTFS, nikaweka mafaili yangu humo na kuiacha C: kwa Windows peke yake. Ina faida yake pia, siku Windows ikifa mafaili yako yako chumba kingine. Ukichagua FAT32, Windows XP haitakubali kufomati zaidi ya GB 32 kwa mfumo huo.

Kitu kingine kidogo ambacho kinawasumbua watu bila kujua chanzo: saa. Linux mara nyingi inaweka saa ya ndani ya mashine kwa saa za Greenwich, Windows inaichukulia kama saa ya hapa. Ndio maana mashine zenye mifumo miwili Afrika Mashariki huwa zinachelewa masaa matatu kamili ukiingia Windows. Watu wanabadilisha betri ya ubao mara tatu, tatizo halitoki! Ukishatoa Linux, rekebisha saa mara moja, itatulia. Ikiendelea kupotea hapo sasa ndio betri.

IKIKUGOMEA

Ukiona GRUB Error 17, 22 au grub rescue, ujue ulifuta kabla ya kurudisha mlango. Fanya ile hatua ya fixmbr, Windows itaamka. Ukiona herufi LI au L na namba zimesimama kwenye skrini, hiyo ni LILO, programu ya kuwashia ya Linux za zamani zaidi, dawa ni ileile. Ukiona XP inalalamika kwamba hal.dll haipo wakati juzi ilikuwepo, mara nyingi si kweli kwamba faili limepotea. Ulifuta kipande kilichokuwa mbele ya Windows, namba za patisheni zikasogea, na faili la boot.ini bado linataja namba ya zamani. Ingia Recovery Console, andika bootcfg /rebuild, ongeza Windows yako kwenye orodha, uanzishe upya.

Na kama umefuta kipande kisicho chenyewe, yaani umefuta D: ya picha badala ya Linux, acha hapo hapo. Usitengeneze patisheni mpya, usifomati, usinakili kitu chochote kwenye diski hiyo. Ukifuta patisheni kinachotoka ni jina lake kwenye orodha tu, vilivyomo bado viko palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kuna programu ya bure inaitwa TestDisk, imo kwenye CD nyingi za uokoaji. Inapitia diski nzima, inatafuta patisheni zilizopotea, na inaweza kuirudisha kwenye orodha kama ilivyokuwa. Fundi akikuambia "tufomati kwanza halafu tutarudisha mafaili," chukua mashine yako uondoke.

Mwisho, haya yote ni ya mashine za zamani zinazotumia MBR. Mashine zilizokuja na Windows 8 kuendelea nyingi zinatumia UEFI na mpangilio mwingine wa diski. Huko programu za kuwashia zinakaa kwenye patisheni yao ndogo ya FAT32, na fixmbr haikusaidii lolote. Usikifute hicho kipande kidogo ukidhani ni cha Linux, kwa sababu Windows nayo inawakia humo. Hiyo nitaiandika siku yake.

Ukikwama niandikie kwenye maoni hapo chini, lakini usiniandikie "kompyuta imegoma" tu. Niandikie maneno ya kwenye skrini yalivyo, ukubwa wa diski, ni Windows ipi, na ile orodha uliyoandika kwenye karatasi.